Tiba ya sanaa kwa familia za wakimbizi: uchague ipi, na mzazi aketi wapi?

Anayepanga kuanzisha tiba ya sanaa kwa watoto wakimbizi karibu kila mara huanza na swali moja: tuwachoreshe, tuwaimbishe au tuwaigizishe? Nitalijibu. Lakini mimi ningeanza na lingine: mtoto anapochora, mzazi wake yuko wapi? Ameketi pembeni yake? Yuko chumba cha pili na wazazi wenzake? Yuko kwenye foleni ya karatasi za hifadhi? Au yuko nyumbani mchana kweupe, amejifunika gubigubi, hataki kusemeshwa? Programu mbili zinaweza kutumia krayoni zile zile na karatasi zile zile, moja ikamsaidia mtoto, nyingine ikamrudisha nyumbani na mzigo mpya, na tofauti ikawa ni kiti cha mzazi tu. Ndiyo maana nalinganisha mpangilio wa watu kwanza, sanaa baadaye.

## Burudani au tiba?

Tukubaliane kwanza kuhusu neno. Kumpa mtoto rangi na saa moja ya kutulia si tiba, wala si jambo dogo. Mwongozo wa IASC, kamati inayoyaunganisha mashirika ya misaada ya kibinadamu, wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili na msaada wa kisaikolojia na kijamii wakati wa dharura unaipanga misaada kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa kuna usalama na mahitaji ya msingi, juu yake familia na jamii kusimama tena, kisha msaada kwa mtu mmoja mmoja au vikundi unaotolewa na watu waliofunzwa, na kileleni huduma za wataalamu. Watoto wengi wanahitaji ngazi za chini: mchezo, ratiba isiyobadilika ovyo, mtu mzima anayewajua kwa majina. Kwao saa ya kuchora ni saa ya kuchora, na inatosha.

Tiba huanza pale ambapo kuna mtu aliyebeba dhamana ya kile kitakachotoka. Kipimo changu ni hiki: mtoto akichora nyumba inayoungua kisha akaanza kutetemeka, nani chumbani anajua la kufanya, na kesho nani atamfuatilia? Kama hayupo, iite burudani, uifanye vizuri, na usimwombe mtoto achore "siku tuliyokimbia". Ombi hilo hutolewa kwa nia njema kabisa, nami sijui ombi baya kulizidi.

Hata hivyo mpaka kati ya kufundisha sanaa na kutibu kwa sanaa haujawahi kuwa ukuta. Miaka ya 1930 msanii Friedl Dicker-Brandeis alikuwa Prague akiwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliowatoroka Wanazi. Desemba 1942 yeye mwenyewe alipelekwa katika geto la Terezín, mtaa wa kuwafungia Wayahudi katika nchi ya Wacheki, akaendelea kufundisha watoto humo hadi Oktoba 1944, aliposafirishwa kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz na kuuawa. Aliacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto ipatayo 4,500. Masomo yake hayakuwa ya kuwaambia watoto wachore mateso. Aliwafundisha mstari, mdundo, rangi, kukata na kubandika, yaani aliwachukulia kama wanafunzi wa sanaa. Mwanafunzi na msaidizi wake wa Prague, Edith Kramer, alikimbilia Marekani mwaka 1938 na kuwa mmoja wa waasisi wa tiba ya sanaa kwa watoto. Kwa hiyo mwalimu wa sanaa asijione mdogo mbele ya "mtaalamu". Ajue tu kazi yake inaishia wapi.

## Watoto peke yao

Huu ndio mpangilio wa kawaida, kwa sababu ni rahisi: watoto tayari wako shuleni au kituoni, unafunga mlango, unaanza. Lakini una sababu nyingine nzito kuliko urahisi. Watoto wakimbizi huwalinda wazazi wao. Mtoto amemwona mama akilia usiku, amejifunza kutouliza habari za kaka aliyebaki nyuma, na anajua swali gani humfanya baba aondoke mezani. Katika kikundi cha watoto sita au wanane anapata mahali ambapo huzuni yake haitamuumiza mtu anayempenda. Tena anakuta wenzake wenye ukimya kama wake.

Udhaifu wake hujitokeza jioni. Mtoto anarudi na mchoro ambao mzazi hajui aufanyie nini: ausifu, aufiche, aulize? Na mzazi naye ana hofu zake. Mchoro huu utapelekwa kwa maofisa wa uhamiaji? Hawa wanatafuta sababu ya kuninyang'anya mtoto? Usiidharau hofu hiyo. Huyu ni mtu aliyehojiwa mara kadhaa, kila neno lake likiandikwa, na neno moja lisilolingana na la jana lingeweza kumgharimu hifadhi. Kwake karatasi haijawahi kuwa kitu cha mchezo.

Ningeuchagua mpangilio huu kwa vijana wa miaka 12 kwenda juu, ambao hawatafungua mdomo mzazi akiwepo, na kwa mtoto yeyote ambaye nyumbani kwake kuna vipigo. Sharti langu ni moja: kabla ya kikao cha kwanza wazazi waitwe, waingie chumbani, washike vifaa, waelezwe michoro inahifadhiwa wapi na nani anaiona. Saa moja ya namna hiyo huokoa miezi ya minong'ono.

## Wazazi peke yao

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wachambuzi nafsi Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulelea watoto Hampstead, London. Katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1943 walieleza jambo lililowashangaza wengi: kutenganishwa na mama kuliwaumiza watoto wadogo kuliko mabomu yenyewe, na mtoto aliyekuwa na mama mtulivu mara nyingi alipita katika mashambulizi akiwa na nafuu kubwa. Kwa wakimbizi maana yake ni kwamba nguvu unayoielekeza kwa mzazi haijamkosa mtoto. (Ila usiigeuze kuwa amri. Mama asiyelala wiki ya tatu hahitaji kuambiwa "tulia kwa ajili ya watoto".)

Kikwazo kikubwa hapa ni heshima. Mtu mzima aliyekuwa fundi mkuu au mwalimu mkuu, ambaye sasa anasubiri kila kitu kwa wengine, unamwekea krayoni mezani. Atatabasamu kwa adabu na hatarudi tena. Mpe vifaa vya mtu mzima: sindano na kitambaa, uzi, mbao, kamera ya simu, nyimbo. Watu wa jamii ya Wahmong waliokimbia Laos kuingia kambi za Thailand miaka ya 1970 na baada yake waligeuza ushoni wao wa mapambo kuwa vitambaa vya hadithi: vijiji, ndege za vita, watu wakivuka mto Mekong, wote wameshonwa kwa uzi. Vitambaa vile vilitunza kumbukumbu na pia vikauzwa, na sioni ubaya katika hilo la pili. Kwa mzazi asiye na kipato, kazi ya mikono inayoleta fedha hurudisha kitu ambacho maneno ya mshauri nasaha hayakirudishi.

Utagundua pia kwamba kina mama huja na kina baba hawaji. Baba anayekataa kata kata kuchora mara nyingi hukubali kutengeneza jukwaa dogo la vikaragosi vya watoto, kwa sababu hiyo ni kazi. Mazungumzo yatakuja huku msumari unapigwa.

Kasoro ya mpangilio huu ni kwamba mtoto mwenyewe haonekani. Mzazi anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba mwanawe hana shida yoyote, kwa kuwa ndivyo mtoto alivyoamua mzazi aamini.

## Mzazi na mtoto pamoja

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Mmarekani Bernard Guerney, akifanya kazi pamoja na mkewe Louise, alieleza njia iliyogeuza desturi ya tiba ya mchezo: badala ya mtaalamu kucheza na mtoto, anamfundisha mzazi kucheza naye kwa namna maalumu. Mzazi anamfuata mtoto anakoongoza, anazitaja hisia anazoziona, anaweka mipaka michache na kuishika. Kwa familia ambayo huenda ikahamishwa mwezi ujao faida yake iko wazi. Mtaalamu anabaki alipo, ujuzi unasafiri na mzazi.

Sababu yangu kubwa zaidi ni nyingine. Ugenini mtoto hujifunza lugha haraka kuliko wazazi, na kabla hujajua yeye ndiye mkalimani wa hospitali, wa shule, wa barua za ofisi. Nyumba inapinduka: wa miaka kumi anajua siri za ugonjwa wa mama, na mama anaomba ruhusa kwa wa miaka kumi. Katika kikao cha pamoja kilichopangwa vizuri, mzazi ndiye mwenye wimbo, ndiye anayejua hadithi, ndiye anayekumbuka mtoto alizaliwa mvua ikinyesha. Kwa saa moja mtoto anarudi kuwa mtoto.

Hatari zake nazo si za kupuuza. Mzazi ataisahihisha kazi ("jua halina rangi hiyo"), kisha atachukua penseli amalizie mwenyewe. Mtoto atachora maua kwa sababu mama anayapenda. Na wapo wazazi watakaojua pale pale, mbele ya watu, kwamba mtoto aliona kile walichoamini alikuwa amelala asikione. Pakiwa na ukatili nyumbani, mpangilio huu usitumike kabisa. Kikao kitampa mkosaji orodha ya mambo ambayo mtoto ameyasema.

Ningekuwa na uwezo wa kuchagua bila kubanwa, ningeweka vikundi viwili sambamba, saa ile ile, vyumba viwili. Wiki tatu au nne za mwanzo kila upande uwe kivyake. Baadaye dakika 20 za mwisho wawe pamoja kwa kazi nyepesi isiyogusa yaliyopita. Mchezo wa mistari wa Donald Winnicott, daktari wa watoto Mwingereza, unafaa sana hapo: mmoja anakwaruza mstari wowote ovyo, mwenzake anaugeuza kuwa kitu, kisha wanabadilishana. Hauhitaji lugha wala kipaji, na hakuna anayeweza kumsahihisha mwenziwe, maana hakuna kilichokuwa sahihi tangu mwanzo.

Mpangilio huo una gharama. Unahitaji waongozaji wawili, vyumba viwili, wakalimani wawili na mtu wa kushika watoto wachanga. Usipoweza, gawanya kwa umri: chini ya miaka saba waje na mzazi, vijana waje peke yao, na wazazi wa vijana wakutane walau mara moja kwa mwezi.

## Sasa, sanaa gani?

Kuchora na udongo ndilo chaguo salama la kuanzia. Hakuhitaji lugha, mtoto anaweza kunyamaza saa nzima na bado akawa ameshiriki, na karatasi inaweka umbali: jambo liko pale mezani, si tena kifuani. Udongo una ziada yake kwa mtoto mwenye hasira, kwa kuwa unapondwa, unararuliwa, kisha unaanza upya bila kukulaumu. Kosa kubwa la wasio na mafunzo ni kusoma michoro kama ramli. Mtoto aliyepaka kila kitu rangi nyeusi huenda ana huzuni, na huenda krayoni nyeusi ndiyo iliyokuwa imebaki. Muulize akusimulie mchoro wake, na asipotaka, mwache.

Mchanga na vitu vidogo ni njia aliyoianzisha daktari Margaret Lowenfeld, London, mwaka 1929: kisanduku kipana chenye mchanga na rafu ya watu, wanyama, nyumba, magari na miti ya kuchezea. Mtoto anajenga dunia yake humo. Ukilinganisha na kuchora, hapa hata asiyejiamini mkono wake hafeli, kwani vitu vipo tayari, na mwisho wa kikao kila kitu hubomolewa bila kubaki ushahidi. Jambo hilo humtuliza mtoto anayeogopa karatasi. Lakini njia hii inahitaji mtu mmoja kwa mtoto mmoja au wachache sana, na kuhamisha vifaa ni kazi ya kutoa jasho. Kwa watoto 20 katika hema, sahau.

Muziki huunganisha kikundi haraka kuliko chochote. Kupiga mdundo pamoja hushusha pumzi na kumpa mwili kitu cha kutabiri, na mwili ulioishi kwa kushtuka unakihitaji sana. Kwa mama mwenye mtoto mchanga sina chaguo la pili: nyimbo za kubembeleza. Mama anazijua, hahitaji kufundishwa na mgeni, na mtoto anazisikia kwa lugha yake. Angalia mambo matatu tu. Milio ya ghafla inaweza kumrudisha mtu kwenye milio mingine. Wimbo unaoonekana wa kawaida unaweza kuwa wa upande uliowafukuza majirani zake. Na zipo familia ambazo ala za muziki haziendani na imani yao. Uliza kabla ya kuleta ngoma.

Maigizo ni ya vijana. Mtoto wa miaka 14 anayeona kuchora ni utoto ataigiza afisa, mwalimu au mwenye nyumba kwa ustadi wa kukuacha hoi, na katika kicheko hicho kuna mengi. Mjini Montreal, Kanada, timu ya daktari wa akili Cécile Rousseau ilipeleka tiba ya maigizo madarasani kwa vijana wahamiaji na wakimbizi, badala ya kuwasubiri kliniki, na somo la hapo kwangu ni la mahali: kijana anayekwenda darasani hajabandikwa jina la mgonjwa. Hatari ya maigizo ni ukaribu. Mwili unaporudia tukio, akili inaweza kuamini linatokea tena. Tumia hadithi ya kubuni, mpe kijana nafasi ya kuwa mwelekezi badala ya mhusika, na usimkabidhi kazi hii mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili.

Muundaji wa tiba ya maigizo ya nafsi, Jacob Moreno, alipitia kambini pia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa daktari kijana katika kambi ya wakimbizi ya Mitterndorf, Austria, na huko alishughulishwa na jambo ambalo waendesha programu bado hulisahau: watu hupangwa karibu karibu bila mtu kuwauliza wangependa kukaa na nani. Basi unapounda kikundi usiangalie umri na lugha peke yake. Waulize.

Tiba kwa dansi na mwendo nitaipita upesi. Inafaa sana kwa wanaoubeba msongo mwilini, lakini suala la kugusana na la wanawake na wanaume kuwa chumba kimoja huifanya iwe chaguo la baadaye, watu wakishaaminiana.

## Mti au kamba?

Kwa watoto wanaoweza kusimulia, njia mbili hutajwa sana, nazo zinapingana kwa namna yenye manufaa kuzitazama kwa pamoja.

Mti wa Uhai ulibuniwa na Ncazelo Ncube na David Denborough kusini mwa Afrika, kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI, kisha ukaenea kwa wakimbizi pia. Mtoto anachora mti. Mizizi ni alikotoka, ardhi ni maisha ya sasa, shina ni anachoweza na anachokithamini, matawi ni matumaini, majani ni watu wake wa muhimu, wakiwemo waliokufa, na matunda ni mema aliyotendewa. Miti yote ikabandikwa ukutani ikawa msitu, na hapo tu ndipo yanapozungumzwa matufani yanayoupata msitu. Hila iko kwenye mfuatano. Mtoto anasimama kwanza mahali pakavu, ndipo anautazama mto.

Kamba ya maisha ni sehemu ya tiba ya masimulizi iliyoandaliwa na wanasaikolojia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na ina toleo la watoto linaloitwa KIDNET. Mtoto analaza kamba sakafuni, anaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya, tangu kuzaliwa hadi leo. Vikao vinavyofuata, mara nyingi kati ya vinne na kumi na viwili kwa jumla, vinayapitia mawe makubwa moja moja, polepole, kwa undani, hadi jambo likae mahali pake katika wakati. Mwishoni mtoto anapewa simulizi ya maisha yake ikiwa imeandikwa.

Kwa ushahidi hazilingani. Kamba imepimwa zaidi, na miongoni mwa kazi za awali ni zile zilizofanyika kwa wakimbizi katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakiwemo watoto wa Kisomali. Mti, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya tiba za sanaa, unaegemea zaidi tafiti ndogo na taarifa za watendaji. Lakini hazifanyi kazi moja. Mti unafaa kikundi, mwezeshaji aliyefunzwa vizuri anaweza kuuendesha, na hauhitaji kujua nani ana ugonjwa gani. Kamba ni tiba ya kiwewe kwa mtoto mmoja aliyepimwa na kuonekana anaihitaji: jinamizi kila usiku, kumbukumbu zinazovamia mchana, kukwepa kila kinachomkumbusha, na hali hiyo ikiendelea miezi. Kumpa mtoto wa namna hiyo mti peke yake ni kumchelewesha. Kuwapitisha watoto wote wa kikundi kwenye mawe yao ni kufungua vidonda mahali pasipo na bandeji.

## Nani aongoze?

Mwishoni mwa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu watu milioni 123.2 waliolazimika kuhama makwao, na watoto walikuwa kama asilimia 40 yao. Wataalamu wa tiba ya sanaa duniani hawatoshi hata kuanza hesabu hiyo. Kwa hiyo kulinganisha "mtaalamu" na "mtu wa jamii yenyewe" mara nyingi si kulinganisha bora na duni, bali kilichopo na kisichopo. Habari njema ni kwamba huko Nakivale wakimbizi wenyewe walifunzwa kutoa tiba ya masimulizi kwa wenzao, na matokeo yakawa ya kutia moyo. Waliteuliwa, wakafunzwa, wakasimamiwa. Neno la tatu ndilo hupunguzwa bajeti inapokauka, nalo ndilo linalowalinda watoto.

Mtu wa jamii anajua lugha, mizaha na miiko. Anajua mtoto akisema "tulilala porini" anamaanisha nini. Udhaifu wake ni kwamba anaishi safu ile ile ya nyumba, na mzazi anahofia habari zake zitafika kisimani kabla yake. Mgeni hana ukoo wa kumsengenyea mtu, lakini anafanya kazi kupitia mkalimani, na nusu ya tiba hupotea katika tafsiri. Mkichagua mgeni, mkalimani awe mtu mmoja yule yule kila wiki, aelezwe kazi kabla, na apewe muda wa kupumua baada ya kikao, maana anasema "mimi" kwa niaba ya watu walioumizwa. Mtoto asitumike kumtafsiria mzazi wake, hata siku mkalimani amekosekana. Siku hiyo imbeni tu.

## Muda, na michoro inakwenda wapi

Kikao kimoja cha kumtaka mtu aeleze yote yaliyompata mara tu baada ya tukio hakifai, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Kilichobaki ni kuchagua kati ya kikundi kilichofungwa cha wiki nane hadi kumi na mbili na studio iliyo wazi, ambako anayekuja leo anakaribishwa na asiyekuja hadaiwi. Kikundi kilichofungwa huzaa imani ya ndani zaidi. Studio ya wazi inaendana na maisha ya watu wasiojua wiki ijayo watakuwa wapi. Katika makazi ya muda ningechukua ya pili bila kusita, kwa sharti kwamba kila kikao kina mwanzo na mwisho wake: wimbo ule ule wa kufungua, dakika ile ile ya kukunja kazi. Mtoto akiondoka usiku wa manane bila kuaga, asiwe ameacha jambo katikati.

Michoro ni mali ya mtoto. Programu nyingi nzuri huharibikia hapa: mfadhili anataka picha za ripoti, na mchoro wenye bunduki unavutia kuliko wenye paka. Ukiona programu inayoonyesha hadharani michoro yenye majina na nyuso za watoto, usiipeleke familia yako huko, hata kama mtaalamu wake ana vyeti ukuta mzima. Ridhaa ya mzazi anayetegemea shirika lile lile kwa kila kitu si ridhaa ya kujivunia.

## Familia tatu

Mama mwenye mtoto wa miaka minne na mchanga wa miezi saba, wamefika wiki sita zilizopita. Mkubwa hukojoa kitandani na hamwachi mama hata kwenda chooni. Wote watatu chumba kimoja, nyimbo na michezo ya mikono, kisha udongo. Usimtenge mtoto na mama ili "ajitegemee". Kushikilia kwake ndiyo akili yake inavyofanya kazi kwa sasa.

Baba na binti wa miaka 11, mkalimani wa nyumba nzima. Anafaulu shuleni, halalamiki kamwe, anaumwa kichwa kila siku ya miadi ya ofisi. Vikundi sambamba, kisha mchezo wa mistari pamoja. Jambo la kwanza la tiba, kabla ya rangi yoyote, ni kuitafutia familia mkalimani mtu mzima.

Wa mwisho ni kijana wa miaka 15 aliyefika peke yake. Kikundi cha maigizo na vijana wenzake kitamfaa, na mtu wa kumpima kama anahitaji ile kamba. Swali la kiti bado lipo kwake: kiti cha mzazi kiko wazi, na kila kikao cha familia za wengine kitamwonyesha hivyo. Anaweza kukikalia mlezi aliyempokea, au kaka wa kikundi. Na ikiwa mama yu hai, kijana anakubali, na simu hiyo haitamhatarisha yeyote, mpigieni mumwombe wimbo aliokuwa akimwimbia mwanawe alipokuwa mdogo. Kijana atasema ameusahau. Mpeni muda.